Jinsi ya Kukompaili Programu kwa Amri Tatu Tu

Hongera kwa uamuzi wako. Ungeweza kuandika apt install ukiwa kwenye Debian, au pkg install ukiwa kwenye FreeBSD, ukamaliza kabla chai haijapoa. Wapo watu wanaojitolea usiku na mchana kukompaili programu hizo, kuzijaribu na kuzifungasha, ili wewe usijue kabisa yaliyowakuta. Lakini toleo lao ni la mwaka jana, na wewe umesikia toleo jipya lina kitu fulani ambacho huna haja nacho. Basi tuanze. Amri ni tatu tu: ./configure, kisha make, kisha sudo make install. Kila atakayekuelekeza atakuambia ni tatu, na hatakuwa amekudanganya. Hajasema tu utaziandika mara ngapi. Tahadhari ya awali: usimwahidi mtu kwamba utampigia ukimaliza.

Shusha msimbo chanzo. Kwenye ukurasa wa programu utakuta vifurushi viwili vyenye jina karibu moja na namba ya toleo ile ile. Kimoja kimeandaliwa na mwenye programu mwenyewe, na ndani kina skripti ya configure. Kingine kimetengenezwa na tovuti kiotomatiki kutoka kwenye hazina ya msimbo, na skripti hiyo hakina. Utachukua cha pili. Kila mtu huchukua cha pili, kwa sababu ndicho kilichoandikwa waziwazi kuwa ni msimbo chanzo. Ukikifungua utakuta configure.ac badala ya configure, na hapo utajua kwamba ili kuipata skripti ya kujengea inabidi kwanza uwe na autoconf, automake, libtool na m4. Rudi ukachukue cha kwanza. Kama unatumia bando la simu, piga hesabu ya mara mbili tangu mwanzo.

Kabla ya kukifungua, linganisha alama ya SHA256 ya ulichoshusha na ile iliyotangazwa. Ukitumia porti za FreeBSD, yaani maelekezo yake ya kujengea programu kutoka kwenye msimbo chanzo, kazi hii inafanywa na mfumo: kila porti ina faili la distinfo, na alama zikitofautiana mashine inagoma. Utagundua pia kwamba ipo njia ya kuinyamazisha, NO_CHECKSUM=yes. Imewekwa kwa ajili ya watu wanaojua wanachofanya, ambao ndio hao hao hawaitumii.

Soma README. Itakuambia programu inahitaji kompaila ya C na maktaba za kawaida. Usiulize za kawaida kwa nani. Aliyeandika aliitazama kompyuta yake, akaona hakuna kinachopungua, akaandika. Shika hili, maana hutaambiwa tena na mtu yeyote: programu imethibitika kujengeka mahali pamoja tu duniani, napo ni kwenye kompyuta ya aliyeiandika. Yote yatakayofuata ni jitihada za kuifanya kompyuta yako ifanane na yake bila kumuuliza yake ikoje. Pembeni utaona faili liitwalo INSTALL, lenye mistari zaidi ya mia tatu. Usijipe moyo. Kwa programu nyingi za ukoo wa GNU ni lile lile, limenakiliwa kutoka automake neno kwa neno, na programu yako haitajwi ndani yake hata mara moja. Lisome hata hivyo. Baadaye utaulizwa kama ulilisoma.

Sasa endesha ./configure na utulie. Mistari itaanza kupita. Skripti inauliza kama kompaila ipo, kama inafanya kazi, kama stdlib.h ipo, na namba kamili inachukua baiti ngapi. Usicheke. David MacKenzie alipoanza kuandika Autoconf mwaka 1991, Unix zilikuwa ndugu wasiosalimiana: ya Sun, ya HP, ya IBM, ya DEC, kila moja na mafaili yake mahali pake na tabia zake. Skripti inayouliza kila kitu kabla ya kuamini chochote ilikuwa ukombozi. Mashine nyingi za wakati ule zimeshakuwa chuma chakavu, ila maswali hayajastaafu, na kompyuta yako ya leo inahojiwa juu ya vitu ambavyo haijawahi kuvikosa tangu izaliwe. Mahojiano yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Vumilia; ukikatisha utahojiwa upya.

Katika maswali hayo limo moja linalouliza kama mazingira ya ujenzi yana akili timamu. Jibu karibu daima ni ndiyo, na utafurahi kwamba mashine imekupima ikakukuta mzima. Kipimo chenyewe ni hiki: skripti inaunda faili jipya, kisha inaangalia kama ni jipya kuliko yale uliyoshusha. Basi, hakuna zaidi. Lakini kama kompyuta yako ni ya mtumba na ile betri ndogo ya saa imekufa, kila umeme ukikatika na kurudi mashine inaamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita. Mafaili yako yote yanakuwa yametoka siku zijazo, na akili timamu inakosekana. Rekebisha saa kabla ya jambo lingine lolote. Usiseme utarekebisha baadaye, kwa sababu make huamua nini kikompailiwe kwa kulinganisha muda wa mafaili, na mashine isiyojua leo ni lini inaweza kukutangazia kuwa kazi imekwisha kabla haijaanza.

Subiri kosa la kwanza. Litahusu maktaba iliyokosekana, tuseme zlib. Hapa watu wengi hupoteza saa nzima kwa sababu ya uaminifu wao. Wanaikagua kompyuta, wanaikuta libz.so.1 imekaa mahali pake, wanaionyesha kwa kidole: hii hapa! Mashine inajibu kwamba haipo. Wote wawili mnasema kweli. Ulichonacho ni maktaba ya kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa. Inayotakiwa ni ile sehemu ya kujengea, yaani mafaili ya vichwa yanayoishia na .h, na kwenye Debian na Ubuntu sehemu hiyo hufungashwa peke yake katika kifurushi kinachoishia na -dev. Kwenye Fedora mwisho wake ni -devel. FreeBSD kwa kawaida haitenganishi, na ndiyo maana mtu wa FreeBSD ukimweleza shida yako atakutazama kwa upole.

Kubashiri jina la kifurushi nako kuna kanuni zake. Kikianza na lib kiache kianze na lib: OpenSSL inakuwa libssl-dev. Ukishaizoea kanuni hiyo utaandika libz-dev kwa kujiamini, na jina halisi la kifurushi ni zlib1g-dev. Ile g ni kumbukumbu ya miaka ya tisini, Linux ilipohama kutoka libc ya zamani kwenda glibc; watu walihitaji kujua kifurushi kipi ni cha upande upi. Uhamaji uliisha zamani, alama ikabaki. Sakinisha, rudi kwenye ./configure, uhojiwe upya. Safari hii itapita zlib na kukwama kwenye maktaba inayofuata. Inakutajia moja moja. Hiyo si hitilafu. Skripti inaishia kwenye jambo la kwanza lisiloiridhisha, na haina sababu ya kukuharibia siku yote kwa mpigo.

Kuna nyakati utapita bila kosa lolote, na hizo ndizo za kuogopa. Chukua Python, ambayo wengi ndiyo huanzia. Ijenge kwenye Debian isiyo na libssl-dev wala libffi-dev. Configure inapita. Make inapita, inamaliza, hailaani. Mwishoni kabisa, baada ya mamia ya mistari, inataja kwa sauti ya chini kwamba moduli kadhaa za hiari hazikujengwa, zikiwemo _ssl na _ctypes. Wewe kwa wakati huo umeshainuka kwenye kiti. Unasakinisha, unaita pip ikakuletee kifurushi, na pip inakuambia haiwezi kufika kwenye mtandao wa https maana Python yako haijui usimbaji. Hiari maana yake hapa ni kwamba Python itajengeka bila hizo. Hakuna aliyekuahidi kuwa itakufaa. Soma mistari ya mwisho hata pale ambapo hakuna kosa. Hutaisoma.

Hili linatuleta kwenye sheria ambayo hakuna aliyeitunga na wote wanaitii: hakuna anayesoma ndani ya configure. Ni skripti ya makumi ya maelfu ya mistari, imeandikwa na programu nyingine, na ukiifungua unaifunga. Nawe usiisome. Ila ujue yaliyotokea. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliwatangazia watu kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux, yana mlango wa siri. Alikuwa akipima mambo mengine kabisa kwenye tawi la Debian lisilo thabiti, akaona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula nguvu za prosesa kuliko kawaida. Nusu sekunde hiyo akaifuatilia. Ubaya ulikuwa umefichwa ndani ya mafaili ya majaribio, yale ambayo mtu akiyaona anajua yameharibiwa makusudi kwa ajili ya kupima, na aliyeyafungua na kuyapenyeza kwenye ujenzi alikuwa faili dogo liitwalo build-to-host.m4, linalofanya kazi yake wakati wa configure. Faili hilo lenye ubaya halikuwa kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu anaweza kuikagua. Lilikuwa kwenye kifurushi kilichoandaliwa tayari, chenye configure ndani.

Ndiyo, kile cha kwanza, nilichokurudisha ukakichukue. Na alama yake ya SHA256 ilikuwa sahihi kabisa, maana ubaya ulitiwa na mtu mwenye funguo za mradi, aliyejulikana kwa jina la Jia Tan, baada ya kuchangia kazi njema kwa zaidi ya miaka miwili. Kwenye mradi huo huo, nukta moja iliyopachikwa katika jaribio la CMake, zana nyingine ya kuandaa ujenzi, ilitosha kulifanya jaribio lishindwe kila mara, na kinga fulani ya Linux ikawa haiwashwi, kimya kimya. Nukta. Kwa hiyo endelea kutokuisoma configure kama wenzako, lakini usisimulie kwamba unajenga mwenyewe kwa ajili ya usalama.

Andika make. Chombo hiki kilitengenezwa na Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976, na kina sharti moja la kukumbuka: ndani ya Makefile, mstari wa amri lazima uanze na Tab. Nafasi nane hazikubaliki, japo jicho haliwezi kuzitofautisha. Ukinakili mstari kutoka mahali popote, Tab inageuka nafasi njiani, na make inasimama ikidai kuna kitenganishi kimekosekana. Feldman mwenyewe alieleza baadaye jinsi ilivyokuwa: alipofikiria kulibadilisha sharti hilo, tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili, na hakutaka kuwavurugia kazi. Tangu hapo mamilioni wamebonyeza Tab kwa heshima ya wale kumi na wawili. Ukiwa FreeBSD, kumbuka kuwa make ya huko ni ya ukoo wa BSD, na Makefile nyingi zimeandikwa kwa ile ya GNU. Andika gmake. Hutaambiwa hivyo, utaambiwa mstari fulani haueleweki, na utatumia jioni ukirekebisha mstari usio na kosa.

Utashauriwa kuongeza -j ili kazi ziende kwa pamoja. Ushauri mzuri, ukiweka namba. Ukiandika make -j peke yake, make ya GNU inaanzisha kazi zote inazoweza kuanzisha bila kikomo. Kwenye mashine yenye gigabaiti nne za kumbukumbu na programu ya C++, feni itapiga kelele, kipanya kitaganda, kisha Linux itachagua mchakato mmoja na kuuua. Kwenye skrini utaona neno Killed karibu na cc1plus, bila maelezo. Watu hulitafuta kosa hilo ndani ya msimbo. Halimo. Punguza namba, uende polepole, na usiseme kwa sauti kwamba ulitaka kuokoa muda.

Umeme ukikatika kazi ikiwa asilimia 97, usihuzunike, make inajua ilipoishia. Ndiyo tatizo. Faili la .o lililokuwa likiandikwa wakati taa inazimika linaweza kubaki nusu au tupu, lakini tarehe yake ni mpya, na make inahesabu kwamba limekamilika. Kila kitu kinaendelea vizuri mpaka kiunganishi kinapokataa kulitambua faili ambalo kompaila yako mwenyewe ililitoa. Hapo ndipo watu wanaposema mashine ina mashetani. Futa faili hilo, au andika make clean uanze mwanzo, na kabla ya hapo mchungulie jirani kama jenereta yake ina mafuta.

Tuje kwenye kusoma makosa, ambako ndiko elimu yote iliko. Skrini ikisimama, mwishoni utaona mistari mitatu: make[2] inasema Error 1, make[1] inasema Error 1, make inasema Error 2. Utainakili hiyo ya mwisho uitafute. Kila mtu huinakili hiyo ya mwisho. Haina kitu. Make iliyo ndani kabisa imeshindwa, ikamwarifu aliyeiita, naye akamwarifu aliyemwita. Ni kama taarifa ya kisima kilichokauka, ambayo kwa mjumbe ina jina la kijiji na jina la pampu, na ikifika wilayani imebaki kuwa kuna changamoto. Panda juu. Panda zaidi. Kama ulitumia -j, kazi nyingine ziliendelea kupiga mistari yao kwa furaha baada ya mwenzao kufa, kwa hiyo kosa la kweli liko mbali kuliko unavyodhani. Tafuta mstari wa kwanza wenye neno error, si wa mwisho. Makosa mia mbili yaliyo chini yake kwa kawaida ni watoto wake. Kama tatizo lilikuwa kwenye configure, fungua config.log; ndani yake kuna programu ndogo iliyojaribiwa, amri iliyotumika, na alichojibu kompaila. Ni faili lenye ukweli wote wa safari yako. Lifungue sasa, au ulifungue kesho kutwa baada ya kumaliza njia nyingine zote, kama ilivyo desturi.

Huenda msimbo wenyewe ndio unaokataliwa, ingawa haujabadilika hata herufi tangu mwaka 2012 na wakati ule ulipita. Aliyebadilika ni kompaila. GCC 10, mwaka 2020, iliacha kufumbia macho watu wanaotangaza kigezo kimoja cha jumla katika mafaili mengi, na programu nyingi za zamani zikaanza kulia kwamba kitu kimefafanuliwa mara mbili. GCC 14, mwaka 2024, ikageuza kuwa kosa kamili jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa onyo tu: kuita kazi ambayo hujaitangaza. Tiba ya heshima ni kurekebisha msimbo. Tiba inayotumika ni kumwambia kompaila arudi kuwa kama zamani, kwa -fcommon na ndugu zake, au kuondoa -Werror, ambayo mwandishi aliiweka ili kila onyo liwe kosa, kwa kuwa kwake hakukuwa na onyo hata moja. Ukishaanza kuongeza bendera hizi, ziandike mahali. Baada ya ya sita hutakumbuka ipi ilisaidia, na utazibeba zote mpaka uzeeni.

Kama uko kwenye porti za FreeBSD, ruhusa unayo ya kwenda kulala huku mashine ikijenga. Andika make install clean saa nne usiku, zima taa. Dakika chache baadaye kitatokea kisanduku kikiuliza kama ungependa nyaraka za kitegemezi fulani ambacho hujawahi kukisikia, nacho kitasubiri jibu kwa adabu hadi alfajiri. Dawa yake ni make config-recursive, inayokuuliza maswali yote mwanzoni. Irudie mpaka isiwe na swali, kwa sababu majibu yako yanaweza kuleta vitegemezi vipya, navyo vina maswali yao.

Omba msaada. Mficha uchi hazai, kwa hiyo toa logi nzima, taja mfumo wako, toleo la kompaila na bendera ulizoongeza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wewe utapiga picha ya skrini kwa simu, kwa mshazari, na mwanga wa dirisha ukikaa sawasawa juu ya mstari unaohitajika, uitume kwa rafiki yako mwenye ujuzi saa tano usiku ukiandika: kaka, hii ina nini? Atakujibu kwamba kwake imekubali. Usimwone mkatili. Ametoa taarifa muhimu kuliko zote katika fani hii, ila haiwezi kutumika.

Hatimaye make itamaliza. Andika sudo make install, na uangalie prefix kabla hujabonyeza. Kwa kawaida mafaili huenda /usr/local, na kwenye Linux huko hakuna atakayekusumbua. Ukiwa na haraka ukaweka --prefix=/usr, utakuwa unaandika juu ya mafaili ambayo mfumo unadhani ni yake. Kwa Python hii ni hatari ya kweli, kwa kuwa zana za mfumo zinaitegemea. Dnf ya Fedora kwa miaka mingi ilikuwa imeandikwa kwa Python, na ukiivunja Python unakuwa umevunja kile ambacho kingekuletea Python nyingine. Wenye Python waliliona hilo wakaweka make altinstall, isiyogusa jina la python3. Iko kwenye README. Ulisema umeisoma.

Endesha programu yako. Itasema haioni maktaba ambayo umeisakinisha sekunde chache zilizopita. Usianze upya. Kwenye Linux, kiunganishi cha wakati wa kuendesha hutazama orodha yake mwenyewe, na orodha hiyo haijaambiwa kwamba kuna wageni. Andika sudo ldconfig. Endesha tena na uulize toleo. Itakujibu namba ya toleo lile la mwaka jana. Ganda la amri limekumbuka njia ya zamani, /usr/bin, na halioni sababu ya kutafuta tena. Amri ya hash -r italisahaulisha. Uliza mara ya tatu. Namba mpya hiyo hapo.

Limebaki jambo dogo la usafi. Folda uliyojengea imekula gigabaiti kadhaa na diski inakaribia kujaa. Usiifute. Hakuna daftari lolote linalojua mafaili yako yametawanywa wapi ndani ya /usr/local. Apt haijui, pkg haijui. Siku utakapotaka kuiondoa programu hii, njia pekee ni make uninstall, kama mwandishi alikumbuka kuiweka, na hiyo inaendeshwa ukiwa ndani ya folda hiyo hiyo, yenye Makefile ile ile iliyotolewa na configure ile ile. Nimeliweka onyo hili mwisho ili lisikuchanganye wakati wa kazi. Utakuwa umeshaifuta.